Bodi ya usanifu wa mifumo: inalinda taasisi au inaua ubunifu?

Mchora Ramani · #1
Wakuu salama? Naenda moja kwa moja. Nimefanya kazi kwenye taasisi kubwa kadhaa na kote nimekuta kitu kilekile, timu ikiwa na wazo jipya, iwe kuhamishia huduma kwenye klaudi (seva za kukodi mtandaoni) au kutumia databezi ya aina nyingine, lazima ipite kwenye bodi ya usanifu, yaani kamati inayokagua na kuidhinisha namna mifumo inavyojengwa na kuunganishwa. Bodi inakaa mara moja kwa mwezi. Ukikosa nafasi mwezi huu unasubiri ujao, ukifika unaambiwa mchoro haujafuata kiolezo, unarudi nyuma ya foleni. Huku nyuma watu wa idara ya masoko wameshajiunga na mfumo wa mtandaoni wa kutunza taarifa za wateja, wanautumia kila siku, na hakuna aliyewauliza chochote.

Hoja yangu ni hii: bodi za namna hiyo hazizuii mifumo mibovu, zinawazuia watu waaminifu. Anayefuata utaratibu ndo anaumia, asiyefuata anapita uchochoroni na mwisho wa mwaka anasifiwa kwa ubunifu. Mnaokaa kwenye hizo bodi najua mpo humu, njooni mnipinge kwa hoja.

Seva ya Usiku · #2
Nakaa hapa mbele. Huu uzi utafika mbali.

Mzee wa Meinframu · #3
Mleta mada umeongea kwa uchungu na nakuelewa, ila umeangalia upande mmoja. Mimi nipo upande wa uendeshaji. Ninyi mkishazindua mkapiga picha, mfumo unabaki kwangu, na ukilala saa nane usiku anayeamshwa sio yule aliyekuwa na wazo. Kuna sehemu niliwahi kukuta databezi za aina nne zinafanya kazi ambayo moja ingetosha, kila moja ililetwa na mtu mwenye ubunifu wake, na wote wameshahama kazi, hakuna hata karatasi inayoeleza kwanini ilichaguliwa.

Afu mkumbuke Knight Capital, ile kampuni ya Marekani ya soko la hisa. Tarehe 1 Agosti 2012 wamepandisha programu mpya, ndani ya dakika kama 45 wamepoteza zaidi ya dola milioni 400, kampuni ikaishia kumezwa na nyingine. Haraka bila mtu wa kusema subiri ndo inafikia hapo.

Kibodi Chakavu · #4
Mzee heshima yako, ila mfano wa Knight unakupinga wewe mwenyewe. Seva zilikuwa 8, fundi akapandisha msimbo mpya (maandishi ya programu) kwenye 7, moja ikabaki na ule wa zamani. Ndani ya ule wa zamani kulikuwa na kipande ambacho hakijatumika miaka mingi, na alama iliyokuwa inakiwasha ndo hiyohiyo waliyoipa kazi mpya. Amri zilipoingia, ile seva moja ikaamsha kitu kilichokufa ikaanza kumwaga oda sokoni. Hakukuwa na utaratibu ulioandikwa wa mtu wa pili kukagua upandishaji. Sasa niambie, bodi inayokaa mara moja kwa mwezi kuangalia michoro ingeionaje seva ya nane? Pale palitakiwa mashine ipandishe na mashine ihakiki, kamati haihusiki kabisa.

Mzee wa Meinframu · #5
Kuhusu seva nimekupata, asante. Lakini twende taratibu, kile kipande kilichokufa kilikaa pale miaka yote hiyo kwanini? Kwa sababu hakuna timu inayosifiwa kwa kufuta. Kila mtu anaongeza. Nani kwenye taasisi ana mamlaka ya kusema mwezi huu hatuongezi kitu, tunatoa? Kama sio usimamizi wa usanifu, basi mnitajie ni nani.

Dada Paipulaini · #6
Hilo la kufuta naliunga mkono kwa asilimia zote. Ila kwenye hoja ya #1 kuna utafiti kabisa, sio maneno ya vijiweni. Watafiti wa DORA, kina Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim, walihoji maelfu ya wataalamu kwa miaka kadhaa na matokeo wakayaweka wazi 2018. Pale ambapo mabadiliko lazima yaidhinishwe na mtu au kamati iliyo nje ya timu, timu zilikuwa na kasi ndogo ya kutoa mabadiliko na zilichelewa kurudisha huduma ikianguka. Na kiwango cha mabadiliko yanayoharibika hakikuonekana kupungua. Yaani unalipa gharama yote ya kusubiri na ule usalama uliousubiria haupo.

Mlinzi wa Leja · #7
DORA ipi hiyo? Mimi niko kwenye fedha na DORA ninayoijua inadai kinyume kabisa! Ni kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ustahimilivu wa kidijitali kwa taasisi za fedha, imeanza kutumika 17 Januari 2025, inataka uwe na rejista ya mikataba yote ya watoa huduma wa teknolojia, upime ustahimilivu, uripoti matukio makubwa. Huwezi kuja na timu yako umejiunga na huduma ya mtandaoni juzi afu useme ubunifu.

Dada Paipulaini · #8
Majina yamegongana tu mkuu. Yangu ni kundi la watafiti, yako ni sheria. Na hazipingani, sheria yako inasema ujue una nini na nani anakuhudumia, haijasema popote kwamba kila badiliko lisubiri kikao cha watu kumi na mbili.

Mlinzi wa Leja · #9
Kwenye maandishi sawa haisemi hivyo. Ila mkaguzi akija anataka kuona nani aliidhinisha, lini, kwa ushahidi gani. Na wakubwa jibu wanalolijua la haraka ni kikao na muhtasari wenye saini. Mnatulaumu sisi wa fedha kwa uzito lakini angalieni benki ya TSB kule Uingereza, Aprili 2018, walihamisha wateja kwenda mfumo mpya kwa mkupuo mmoja wikendi, hadi watu milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wakapigwa faini ya pauni milioni 48.65. Hivi mnataka na sisi tufike huko?

Kibodi Chakavu · #10
Mlinzi, TSB hawakukosa vikao hata kidogo. Kamati zilikuwepo, ripoti zilikuwepo, bodi ya wakurugenzi ilikuwa inapewa taarifa. Uchunguzi huru uliotoka 2019 uliwalaumu kwamba maswali ya msingi hayakuulizwa, mojawapo ni kwanini mmeamua kuhamisha karibu kila kitu kwa mkupuo mmoja wakati mpango wa mwanzo ulikuwa mwingine. Kikao kilichojaa watu wanaopokea slaidi kinakupa hisia ya usalama, na mimi naona hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na kikao, maana ukijua hauna ulinzi unatembea kwa tahadhari.

Jicho la Nyundo · #11
Ugonjwa wote huu umeletwa na TOGAF, ule mwongozo wa kupanga usanifu wa mifumo ya taasisi. Kabla ya hapo watu walikuwa wanajenga tu, ikaja TOGAF na michoro yake watu wakawa wanatengeneza vyeti badala ya mifumo.

Mchora Ramani · #12
Jicho hapo unaionea. Mambo ya kupanga usanifu wa taasisi nzima yapo kabla, John Zachman aliandika makala yake maarufu 1987 kwenye jarida la IBM. TOGAF toleo la kwanza ni 1995, na msingi wake ulichukuliwa kutoka kazi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Mwaka uliofuata, 1996, Marekani wakatunga sheria inayomtaka kila afisa mkuu wa habari wa wakala wa serikali awe na usanifu wa teknolojia unaoeleweka, kwa sababu pesa nyingi zilikuwa zinapotelea kwenye mifumo isiyoongea. Kwahiyo tatizo walilokuwa wanalitibu lilikuwa la kweli. Tena TOGAF yenyewe inakwambia uirekebishe ifae mazingira yako. Wanaoinakili ilivyo neno kwa neno ndo wa kulaumiwa.

Jicho la Nyundo · #13
Sawa, tarehe nimezipokea. Bado nasema asilimia kubwa ya hizo nyaraka hakuna anayezisoma baada ya kikao.

Fundi wa Viungio · #14
Nimesoma kuanzia #1, mnajadili ukali wa bodi, mwingine anasema ni kali sana, mwingine anasema ni legelege, na mimi naona mnaangalia dalili. Jiulizeni kwanini kikao kinahitajika kabisa. Kikao kinahitajika kwa sababu mifumo imeshikana. Nikibadili safu moja kwenye jedwali la wateja, mfumo wa malipo unaanguka, ripoti za fedha zinaanguka, na timu ya simu inaanguka, kwa sababu wote wanasoma databezi ileile moja kwa moja bila kupita kwenye kiungio chochote, yaani mlango rasmi ambao mfumo mmoja unautumia kuomba data kwa mwingine. Kwenye hali hiyo hata uniletee watu wepesi kiasi gani, lazima mkae, lazima muulizane, maana hakuna anayejua nani anategemea nini. Na ndo hapo bodi inazaliwa, inakua, inaongezewa fomu.

Melvin Conway alishasema 1968 kwamba taasisi inayobuni mfumo itatoa mfumo wenye umbo la mawasiliano ya watu wake. Sasa kama idara zenu haziongei ila kupitia wakurugenzi, mifumo yenu nayo itaungana kwa mafaili yanayotumwa usiku na mtu mmoja anayejua nywila. Hata hao DORA wa Dada Paipulaini waligundua kwamba usanifu uliolegezwa, yaani timu inaweza kubadili na kujaribu kitu chake bila kuomba ruhusa wala kusubiri timu nyingine, ni miongoni mwa vitu vilivyoendana zaidi na timu kutoa mabadiliko mara kwa mara.

Kwahiyo kazi halali ya msanifu mkuu ni kupunguza sababu za watu kuja kikaoni. Sehemu moja niliyopita tulikataa kuongeza kanuni yoyote mpya, tukasema kanuni ni mbili tu: hakuna anayegusa databezi ya mwenzake, na kila kiungio kina mwenye nacho na toleo lake. Hayo mawili tuliyashikilia kwa ukali kweli, hakuna msamaha hata kwa mradi wa bosi. Mengine yote, lugha gani, freimuweki gani, mtajua wenyewe. Foleni ya bodi ilipungua bila kumfukuza mtu.

Seva ya Usiku · #15
#14 ingebandikwa juu kabisa. Swali, hizo kanuni mbili mlizianzaje wakati tayari kila kitu kimeshikana?

Fundi wa Viungio · #16
Tulianza na data inayogombaniwa zaidi, ya wateja. Tukaweka kiungio mbele yake, kila mradi mpya ukalazimika kupita hapo, wa zamani wakahamishwa kila walipofunguliwa kwa marekebisho mengine. Ilichukua muda mrefu na kuna wengine hawajahama mpaka leo, sidanganyi.

Kalamu ya Bajeti · #17
Mimi sio fundi wa msimbo, niko upande wa mipango na fedha, ila mmenisahau. Fundi anasema shida ni kushikana, mleta mada anasema ni bodi. Nyie mnajua pesa inatokaje? Bajeti inapangwa mara moja kwa mwaka, kwa mradi. Mradi una tarehe ya kuanza na ya kuisha, ukiisha timu inavunjwa. Sasa nani atajaribu kitu kidogo Februari akione hakifai Machi akiache? Hawezi, kwa sababu kuomba pesa ndogo kunahitaji andiko lilelile la pesa kubwa, basi watu wanaomba kubwa. Na ukishaomba kubwa huruhusiwi kushindwa. Bodi ya usanifu inaonekana mbaya kwa sababu ndo mahali pa kwanza ambapo mtu anauliza swali, ila uamuzi ulishafungwa kwenye bajeti miezi mingi nyuma.

Tengeni fungu la majaribio lenye ukomo wa pesa na wa muda, lisilohitaji bodi, sharti lisiguse data halisi ya wateja. Likifaulu ndo liende kwenye mchakato mzima.

Mzee wa Meinframu · #18
Hilo fungu nimeliona likitumika vibaya. Jaribio linafaulu, bosi anafurahi, Jumatatu linaitwa mfumo rasmi. Halina chelezo, halina ufuatiliaji, nywila ziko ndani ya msimbo. Na hakuna pesa ya kulijenga upya kwa sababu "si tayari linafanya kazi?" Kalamu, hapo bajeti yako inasemaje?

Kalamu ya Bajeti · #19
Inasema pesa ya kulijenga upya itajwe siku ileile jaribio linapoombewa. Najua wachache wanafanya hivyo.

Binti Itifaki · #20
Naona wengi mnachanganya maamuzi ya uzito tofauti kwenye kapu moja. Jeff Bezos kwenye barua yake kwa wanahisa wa Amazon ya mwaka 2015 aligawa maamuzi mawili, yasiyorudishika na yanayorudishika, akasema taasisi zikikua zinaanza kutumia mchakato mzito wa yale ya kwanza kwenye yale ya pili, matokeo yake ni uzito na uoga wa kujaribu. Bodi ingekuwa inauliza hilo swali peke yake mlangoni, ukitaka kurudi nyuma itakugharimu nini, basi robo tatu ya foleni ingeondoka siku hiyohiyo.

Kibodi Chakavu · #21
Binti naafiki nusu. Shida kila mtu akijaza fomu anasema uamuzi wake unarudishika. Databezi inarudishika siku ya kwanza. Ikishakaa na data ya miaka mitano na ripoti ishirini zimeandikwa kwa lugha yake, rudisha sasa tuone. Kwa uzoefu wangu yasiyorudishika ni machache na yanajirudia: namna unavyomtambua mteja, kiungio ulichokitangaza kwa watu wa nje, mkataba usiosema data yako utaipataje ukiondoka, na mahali data binafsi inapohifadhiwa. Hayo yajadiliwe hata mwezi mzima, sitalalamika.

Binti Itifaki · #22
Ongeza na utambulisho wa wafanyakazi, nani anaingia wapi. Ukikosea huo unaukuta kila mahali.

Dada Paipulaini · #23
Na yale yanayobaki yaandikwe tu. Michael Nygard alipendekeza 2011 kumbukumbu fupi za maamuzi, ukurasa mmoja au miwili, muktadha, uamuzi, matokeo yake, inakaa palepale penye msimbo. Mzee wangu wa #3 angekuwa nazo angejua zile databezi nne zililetwa kwa sababu gani. Zile kanuni nyingine, za usalama, za majina, za nani anaruhusiwa kumwita nani, ziandikwe kama majaribio kwenye paipulaini, yaani ule mtiririko wa mashine unaokagua na kupandisha msimbo, ukizivunja msimbo haupandi, unajua ndani ya dakika chache na hakuna anayekununia.

Mlinzi wa Leja · #24
Dada hapo mkaguzi wangu angefurahi kuliko unavyodhani, kumbukumbu ya mashine ni ushahidi mzuri kuliko muhtasari wa kikao. Ninachoogopa ni kanuni kuingizwa kwenye paipulaini na kubaki humo milele. Kamati angalau unaweza kubishana nayo. Tuliwahi kuwa na kanuni inayokataa maktaba fulani ya msimbo, imewekwa na mtu aliyeondoka, sababu haijulikani, timu zikawa zinaandika vitu vya ajabu kuikwepa.

Dada Paipulaini · #25
Kila kanuni iwe na jina la mwenye nayo na sababu, isiyo na mwenyewe inatolewa. Hakuna njia nyingine.

Mtunza Daftari · #26
Habari za humu. Naomba nitoke kidogo kwenye mada ila sio mbali. Mnaongelea databezi na maktaba, hivi sasa wafanyakazi wanabandika nyaraka za ndani kwenye programu za akili mnemba zilizoko mtandaoni. Samsung mwaka 2023 walipiga marufuku wafanyakazi kutumia zana hizo kwenye vifaa vya kampuni baada ya msimbo wao wa ndani kupakiwa huko. Sisi tulipopiga marufuku watu wakahamia kwenye simu zao binafsi, sasa hatuoni kabisa kinachoendelea. Bodi inakaa kupitisha sera, na kabla sera haijasainiwa zana zimeshabadilika. Kwa hili hata mimi niliyekuwa mtetezi wa bodi nimechoka.

Mchora Ramani · #27
Mtunza Daftari hujatoka kwenye mada, hiyo ndo #1 kabisa! Ukizuia bila kutoa njia mbadala, watu hawaachi, wanajificha. Netflix na Spotify walikwenda kwa kutengeneza njia rahisi badala ya kuweka vizuizi, zana zinazopendekezwa zinakuja na ufuatiliaji, usalama, upandishaji, vyote tayari. Spotify hata ile zana yao ya ndani, Backstage, wakaiachia wazi kwa yeyote kuitumia 2020. Kwenye akili mnemba ni hivyohivyo, toeni yenu iliyo salama na nzuri, watu watakuja wenyewe.

Mzee wa Meinframu · #28
Watakuja ikiwa nzuri kweli. Kujenga hiyo njia kunahitaji timu ya kudumu, na hiyo timu inahitaji bajeti isiyoisha na mradi, turudi kwa Kalamu #17. Taasisi yenye wahandisi maelfu inaweza. Yenye watu kumi na tano kwenye TEHAMA nzima inajenga njia ipi? Wao kikao kifupi cha kila wiki kinawatosha, tena kinawafaa.

Fundi wa Viungio · #29
Watu kumi na tano hawahitaji bodi wala kikao rasmi, wanahitaji kukaa chumba kimoja.

Mzee wa Meinframu · #30
Fundi, watu kumi na tano wanaoendesha mifumo arobaini iliyonunuliwa kwa wauzaji tofauti? Wengi wao hata msimbo hawaandiki, wanasimamia mikataba. Kwao usanifu ni kununua, na kosa la kununua halina paipulaini ya kulikamata. Hapo lazima mtu asimame mlangoni kabla ya saini.

Seva ya Usiku · #31
Hapo kwenye kununua na mimi nina kesi. Sehemu niliyopo msamaha wa kanuni unatolewa na bodi kwa maneno tu, "kwa sasa endeleeni", na hiyo kwa sasa haina mwisho. Kuna mfumo uliruhusiwa kutotumia utambulisho wa pamoja (akaunti moja ya kuingilia mifumo yote) mpaka mkataba utakapohuishwa, mkataba umehuishwa na hakuna aliyekumbuka. Mnasimamiaje misamaha kwenu?

Mtunza Daftari · #32
Sisi ni rejista, kila msamaha una tarehe ya kuisha na jina la mkurugenzi aliyeuomba, sio jina la fundi. Siku thelathini kabla ya kuisha anapata ujumbe yeye. Ikifika tarehe kimya, unaingia kwenye ripoti ya vihatarishi ya taasisi. Wakurugenzi hawapendi kabisa kuliona jina lao pale, maombi ya misamaha yakapungua.

Kibodi Chakavu · #33
Au yamepungua kwa sababu sasa hawaombi, wananunua kimya kimya kama wale wa masoko wa #1. Umeshalinganisha rejista yako na ankara zinazolipwa na idara ya fedha?

Mtunza Daftari · #34
Bado. Kalamu, hizo ankara za huduma za mtandaoni zinaingiaga kwenye kifungu gani cha matumizi? Wiki hii niziombe.

Kalamu ya Bajeti · #35
Anza na kifungu cha ada za uanachama na machapisho, huduma za kulipia kila mwezi wengi wanaziingizia humo. Afu omba taarifa za kadi za idara, kule ndo kuna nyingi.